Umeacha dini, ila moto wa jehanamu bado unakuamsha saa nane usiku: uzi wa mazoezi, si wa mabishano

#1 Kalamu_Nyeusi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi wa "Mungu yupo au hayupo" humu haukosekani. Huu si mmoja wao. Mwenye kutaka kuthibitisha au kukanusha, jukwaa la dini liko wazi. Hapa tunazungumza na mtu ambaye hesabu yake ameshaifunga: haamini tena, hasali, au anakwenda ibadani kwa ajili ya kumridhisha mama tu. Lakini radi ikipiga, au akishtuka usiku wa manane, moyo unamwenda mbio na wazo linakuwa moja: je, nikifa sasa hivi?

Wengi wakifika hapo hujiambia "kumbe bado naamini". Wengine husema hofu yenyewe ni mwito wa kurudi. Yote mawili hayafuati. Aliyewahi kung'atwa na mbwa huruka akisikia mbwa anabweka redioni, na anajua fika kwamba ni redio.

Imani uliipata kwa maneno: katekisimu, madrasa, mafundisho ya kipaimara. Hofu uliipata kwa mwili: picha ya watu wanaoungua iliyobandikwa ukutani, sauti ya mhubiri inayopanda, giza, bakora, umri wa miaka sita. Kilichoingia kwa maneno hutolewa kwa maneno. Kilichoingia kwa mwili hakisikii hoja. Ndiyo maana mtu anasoma vitabu kumi vya ukosoaji wa dini, anakubali kila ukurasa, na usiku bado anatetemeka.

Tangu enzi za Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyezoesha mbwa kudondosha mate kwa ishara ya chakula, inajulikana kwamba itikio la kujifunza haliandikwi na kufutwa kama ubao. Unapolizoesha lififie, unajenga somo jipya juu ya lile la zamani, na la zamani linabaki chini. Mbwa aliyeacha kudondosha mate kwa ile ishara, akipumzishwa kisha akaisikia tena, mate yanarudi. Kwa hiyo hofu ikirudi baada ya miezi sita ya utulivu, kazi yako haijapotea. Hivyo ndivyo ubongo unavyofanya kazi.

Sasa kazi yenyewe.

*Daftari, wiki mbili.* Usibadilishe chochote bado. Kila hofu ikija, andika mambo manne: saa ngapi, nini kilitangulia, hofu ilifika ngapi kati ya 0 na 10, na ulifanya nini ili itulie. Hilo la nne ndilo la thamani kuliko yote, na ndilo watu wanaloruka. Kwa kawaida utakuta vichochezi ni vichache kuliko ulivyodhani: msiba, homa, safari ndefu ya basi, adhana ya alfajiri au kengele, Ramadhani, wiki ya Pasaka, simu ya shangazi.

*Kujituliza.* Hapa ndipo hofu inapokula na kunywa. Sala fupi ya "endapo yupo". Toba ya haraka kabla ya kulala. Kutafuta mtandaoni "je jehanamu ipo kweli". Kumuuliza rafiki asiyeamini, kwa mara ya arobaini, kama ana uhakika. Kila ukifanya hivyo hofu inashuka kwa dakika kumi, na ubongo unaandika: tulinusurika kwa sababu tulijituliza. Kesho utakudai tena. Usikate vyote siku moja. Hesabu kwenye daftari ni mara ngapi kwa siku, punguza nusu kila wiki. Kama ni mara 12, ziwe 6, kisha 3.

Kusukuma wazo nako hakufai. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa sana.

*Ngazi.* Andika vitu vinavyokutisha, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Mfano wa aliyetoka kwenye ulokole:

2: kutamka neno "jehanamu" kwa sauti mara 50
3: kupita mbele ya kanisa lako la zamani wakati wa ibada, bila kuongeza mwendo
4: kusoma Ufunuo 20:11–15, kufunga kitabu, kwenda kupika
5: kusikiliza mahubiri ya moto dakika 10, mchana, kuna watu nyumbani
6: mahubiri yale yale, usiku, peke yako
7: kulala bila ile sala ya kinga
8: kuandika kwa mkono ukurasa mmoja wa kile hasa unachokiogopa
9: kuusoma ukurasa huo, kujirekodi kwa simu, kusikiliza kwa kurudia dakika 30
10: kuusikiliza taa zimezimwa, kisha kulala

Anza na 3 au 4. Fanya siku tano kwa wiki, dakika 20 hadi 45. Wakati wa zoezi hakuna sala, hakuna simu, hakuna kujiambia "hakuna kitu, hakuna kitu", maana na huko ni kujituliza. Kaa nayo. Ukiona hofu kwenye ngazi uliyopo inaanzia 3 au chini siku mbili mfululizo, panda.

Kinachoharibu mara nyingi ni kutoka katikati hofu ikiwa kileleni. Hapo unakuwa umefanya mazoezi ya kukimbia. Heri zoezi dogo lililomalizika.

Tuendelee, wenye nyongeza karibuni.

#2 Mpiga Mbizi

Naweka mkeka hapa, kahawa na kashata viko njiani.

Nyongeza moja ndogo kwa mleta uzi. Kuna wanaodhani njia ya mkato ni kuchoma msahafu au Biblia na kujirekodi ili "kuvunja nguvu zake". Usifanye. Kwanza, kitu unachohitaji kukichoma bado unakipa nguvu. Pili, kukashifu dini ni kosa la jinai: Tanzania ni kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu, Kenya ni cha 134. Umetoka kuogopa moto wa akhera, unaingia kuogopa mahabusu.

#3 Fundi Saa

Mleta uzi yuko sahihi kwamba hoja haziondoi hofu. Lakini kuna kazi moja ambayo elimu inaifanya vizuri: kuivunja ile picha moja kubwa katika vipande vyake. Hofu hupenda kitu kimoja chenye jina moja. Ukikuta ni vitu vinne vilivyoshonwa pamoja, na uzi unaonekana, haikutishi kwa namna ile ile.

Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, hii iliyo kila nyumba. Kuna maneno mawili hapo, "kuzimu" na "jehanum", na mahubiri huyachanganya kana kwamba ni sehemu moja.

"Kuzimu" inasimama mahali pa Sheol ya Kiebrania na Hades ya Kigiriki. Sheol ni makao ya wafu wote, wema kwa waovu, pa giza na kimya. Ayubu, mtu mwema kuliko wote wa zama zake kwa mujibu wa kitabu hicho hicho, anaomba apelekwe huko: "Laiti ungenificha kuzimuni" (14:13). Nani aombe kufichwa kwenye tanuru? Na lenyewe neno letu ni la kabla ya wamisionari: ku-zimu, kwa mizimu, waliko wahenga. Kuzimu ya babu zetu haikuwa na moto. Moto uliletwa baadaye, ukawekwa kwenye nyumba ya watu.

"Jehanum" ni Gehenna, yaani Ge-Hinomu, Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu ya kale. Ni mahali halisi, panaendeka kwa miguu. Yeremia 7:31 inasema hapo watu waliwateketeza wana wao na binti zao motoni, na 2 Wafalme 23:10 inaeleza jinsi mfalme Yosia alivyopanajisi ili jambo hilo likome. Jina la mahali pa uovu likawa jina la adhabu. Waarabu nao wana Jahannam, mzizi ule ule, na sisi pwani tumelipokea kutoka kwao.

Neno la tatu ni Tartaro. Liko kwenye 2 Petro 2:4, kwa Kiswahili "shimoni", limetoka kwenye visa vya Wagiriki, na pale wanaofungwa ni malaika, si watu. La nne ni ziwa la moto la Ufunuo, ambamo mauti na Kuzimu vyenyewe vinatupwa (20:14). Soma tena: Kuzimu inatupwa ndani ya ziwa. Vingekuwa kitu kimoja ingewezekanaje?

Na zile picha za ukutani, mtu kaning'inizwa kwa ulimi kwa sababu alikufuru? Hazimo katika Agano Jipya. Zimo katika Ufunuo wa Petro, maandishi ya karne ya 2 ambayo hayakuingia kwenye Biblia. Wachoraji na washairi wa Ulaya wakaongeza chumvi kwa miaka elfu moja na zaidi, ndipo zikachapwa, zikasafiri, zikabandikwa kwenye kuta zetu.

#4 Ng'wana Mashauri

@Fundi Saa shukrani mkuu. Ongezea kwamba Gehenna lilikuwa jalala la mji, moto ukiwaka mchana na usiku kuunguza taka na mizoga. Ndipo Yesu akachukua mfano.

#5 Fundi Saa

Mkuu, hilo nililiacha makusudi. Maelezo ya jalala linalowaka hayapatikani kwa mwandishi yeyote wa zama hizo. Yanaonekana kwa David Kimhi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa miaka ya 1200 hivi, aliyeishi kusini mwa Ufaransa. Wahubiri wameyapenda kwa sababu yanasimulika vizuri, na walioacha dini wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Ukiijenga amani yako juu ya jalala ambalo halikuwepo, siku mtu atakapokusahihisha utalala macho.

#6 Bint Makunduchi

Assalamu alaykum kwa wanaoitikia, na shikamoo kwa waliobaki.

Uzi umeelemea upande wa kanisani, wacha niseme ya upande wa pili. Kwa aliyekulia madrasa, mara nyingi kinachomwamsha usiku ni kaburi kabla ya jehanamu. Munkar na Nakiri, wale malaika wa kaburini, maswali, kubanwa mpaka mbavu zipishane. Jehanamu iko mbali, kaburi liko pale mtaani, umelisindikiza. Kwa hiyo kwenye ngazi usiandike "jehanamu" tu kwa kuiga. Andika kinachokutisha wewe. Kwa wengine ngazi ya 6 ni kusimama makaburini dakika 15 saa kumi jioni.

Mambo matatu ya kujua. Maelezo marefu ya kaburi yanatoka kwenye hadithi zaidi kuliko Qur'ani, na baadhi ya Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu, waliyakataa tangu zamani. La pili, kuhusu umilele wa moto: Sura Hud 11:107 inasema watadumu humo "ila apendavyo Mola wako", na juu ya maneno hayo mwanazuoni Ibn Taymiyya (kafa 1328) na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walijadili hoja kwamba moto una mwisho. Mwanazuoni mwingine, Taqi al-Din al-Subki, akaandika kuwajibu. Wanaosomwa na masalafi (Waislamu wenye msimamo mkali wa mapokeo) leo, hao! La tatu, aya ya ngozi zinazobadilishwa (4:56) ndiyo inayotajwa sana na waliotoka. Iweke juu kwenye ngazi, usianze nayo.

Ila tahadhari. Haya niliyoyaandika yanaweza kugeuka dawa ya kujituliza. Mtu anaokoa ukurasa, kila hofu ikija anausoma: "Ibn al-Qayyim kasema, Ibn al-Qayyim kasema". Hiyo ni tasbihi mpya. Soma mara moja, elewa, funga.

Kuhusu adhana: usizibe masikio, usipandishe sauti ya televisheni. Sikiliza kama unavyosikiliza mvua ya bati: sauti inapanda wapi, muadhini anapumua wapi, ilichukua dakika ngapi. Siku 30 za adhana tano ni mazoezi 150 ya bure.

Na lugha isikutie hofu. Kusema "inshallah", "alhamdulillahi", "Mungu wangu!" baada ya kujikwaa kidole si kurudi nyuma. Hicho ni Kiswahili. Ukijaribu kuyatoa maneno hayo yote utabaki bubu.

#7 Mtumishi wa Kilimani

Mnapotosha watu. Swali ni moja na hamjalijibu: JE KAMA IPO? Ukiamini na ikawa haipo, hujapoteza kitu. Usipoamini na ikawa ipo, umepoteza milele. Hata mtu asiyejua hesabu anaiona hii.

#8 Kalamu_Nyeusi

@Mtumishi karibu, na umesaidia uzi, kwa sababu "je kama" ndilo swali lenyewe la saa nane usiku.

Hoja hiyo ni ya Blaise Pascal, Mfaransa, ilichapwa 1670, miaka minane baada ya kifo chake. Mwanafalsafa Denis Diderot aliijibu karne iliyofuata kwa sentensi moja: imamu anaweza kusema hivyo hivyo. Ukiamini kwa kuogopa jehanamu ya Wakristo, umejiweka kwenye foleni ya jehanamu ya Waislamu, na kinyume chake. Karata ni nyingi, na hujui ngapi.

Lakini kwa mwenye hofu jibu hilo halitoshi, na wala asilitumie. Atalijibu swali, dakika tano baadaye swali litarudi na koti lingine: je kama Diderot alikosea? "Je kama" halishibi. Zoezi lake ni kuliacha bila jibu. Likija, sema kwa sauti ya kawaida: "Labda ipo, labda haipo. Sitajua usiku huu." Kisha endelea kuosha vyombo. Mara za kwanza inauma kama kuacha kujikuna upele. Usiongeze neno mbele yake. Anayesema "labda ipo, LAKINI haiwezekani kwa sababu…" ameshaingia mahakamani tena.

Anayehitaji muda wa kuwaza, ajiwekee: saa 11:00 hadi 11:20 jioni, kwenye kiti kimoja, si kitandani. Wazo likija saa nne asubuhi, liandikwe neno moja kwenye daftari, lisubiri zamu yake.

#9 Msabato Mpole

Mimi ni muumini na sitaki kuharibu uzi wa watu, ila @Mtumishi usiseme kana kwamba Wakristo wote wanafundisha mateso yasiyoisha. Sisi Waadventista tunafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5) na kwamba waovu watateketea na kuisha. Mashahidi wa Yehova nao hawana moto wa milele. Hata kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II, tarehe 28 Julai 1999, alieleza kwamba jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu zaidi kuliko mahali. Origen wa Aleksandria, mwanazuoni wa kanisa la kale, aliwahi kutumaini kwamba mwisho wa yote vitarejeshwa vyote, miaka ya 200 huko. Augustino akashika upande mwingine, na upande wake ndio uliotawala Magharibi.

#10 Ng'wana Mashauri

Msabato leo kawa wakili wetu 😂 dunia imekwisha

#11 Daktari wa Zamu

Nimesoma mpaka hapa. Mengi ni sawa. Narekebisha mawili na kuongeza moja.

Rekebisho la kwanza. Mleta uzi ameeleza ngazi kama vile lengo ni hofu ishuke ndani ya zoezi. Ikishuka vizuri, isiposhuka pia zoezi limefanya kazi. Kinachofunzwa ni kwamba ulichokitabiri hakikutokea. Na hapa hofu ya moto ina tatizo ambalo hofu ya mbwa haina: tukio linaloogopwa liko baada ya kifo, huwezi kukaa dakika 45 uone kama litatokea. Kwa hiyo kabla ya zoezi andika utabiri wa HAPA duniani. Kila mtu anao, ukimchimba: "Nikilala bila sala nitapata ajali wiki hii." "Nikisikiliza hii nitapagawa." "Sitaweza kuvumilia, itapanda mpaka moyo usimame." Hizo zinapimika. Baada ya zoezi, mstari mmoja: nilitabiri nini, kimetokea nini.

La pili, badilisha mazingira. Mwanasaikolojia Mark Bouton wa Marekani ameonyesha kwa majaribio mengi ya wanyama kwamba kufifia kwa hofu hufungwa na mahali kulikofanyikia. Aliyefanya mazoezi yote chumbani kwake Mwanza atashangaa hofu inamrudia nzima nzima akilala kijijini kwa bibi, chini ya lile lile bati la utotoni. Fanya ngazi ile ile sehemu tatu au nne, na saa tofauti.

La kuongeza ni usiku. Mengi yanayoitwa "nilishikwa kwa sababu nimeacha dini" ni jinamizi. Unaamka akilini, mwili haujaamka. Ile hali ya misuli kulegea inayotulinda tusirukeruke tukiota inakuwa haijaachia. Sekunde chache hadi dakika chache huwezi kusogea, kifua kizito, unahisi kuna mtu chumbani. Hutokea kwa waumini na wasioamini, na kila jamii inampa yule "mtu" sura yake. Pemba na Unguja mwaka 1995 alikuwa Popobawa, watu wakalala nje wakizunguka moto. Wapo watafiti walioeleza visa vingi vya wakati ule kwa hali hii. Kinachoileta: kukosa usingizi, kulala saa zisizo na mpangilio, kulala chali. Lala ubavu, saa zile zile, kahawa iishe mchana. Ikitokea, usipambane na mwili mzima. Sogeza kidole cha mguu au zungusha macho, itaachia.

Hofu kuu ya ghafla, mapigo mbio, jasho, ganzi mikononi, kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha hushuka hata usipofanya kitu. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, dakika tano, kunasaidia. Ila usilifanye ndani ya zoezi la ngazi, litageuka sala nyingine. Na kama ni mara ya kwanza kifua kuuma, nenda upimwe moyo kwanza. Usijitibu kwa uzi.

#12 Bint Makunduchi

Dokta, tenganisha hofu ya kawaida na wasiwasi wa ugonjwa. Wapo wanaotawadha mara nane kwa sala moja, wakiacha dini ugonjwa unabaki, unahamia kwenye jambo jingine.

#13 Daktari wa Zamu

Hoja nzuri sana, dada. Neno letu "wasiwasi" ni lile lile waswasi la Kiarabu, na wanazuoni waliuona ugonjwa huu zamani sana hata wakatoa ushauri ulio karibu na wa leo: usiurudie udhu, uache wasiwasi upite. Dalili za kupima: mawazo na vitendo vya kujituliza vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinazuia kazi, masomo, usingizi. Mtu anarudia sentensi mpaka "ikae sawa". Anaungama dhambi ile ile kila Jumamosi, na akiacha kanisa anaanza kuungama kwa mkewe.

Huyo asijifanyie ngazi peke yake. Matibabu ni mazoezi haya haya yakiongozwa na mtaalamu, kwa kawaida vikao 12 hadi 20, pamoja na dawa kama fluoxetine ikihitajika. Dawa hizo kwa tatizo hili huchukua wiki 8 hadi 12 kuonekana, na dozi huwa kubwa kuliko ya sonona. Watu huziacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi. Usinunue dukani bila kuandikiwa.

Pa kwenda: kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa wako, kwa ngazi ya juu Muhimbili au Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja, Mathari kwa Nairobi. Ukifika sema mapema, sentensi mbili: "Nimeacha dini na sitafuti kurudishwa. Nataka kutibiwa hofu." Mshauri akianza kukuombea, una haki ya kuomba mwingine. Na mtu akifika mahali pa kufikiria kujiua ili "yaishe", hiyo ni dharura ya leo, si ya kliniki ya Jumatano: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali.

Kuna jina mtalikuta mtandaoni, la maradhi ya majeraha ya dini, lililoanzishwa na mwanasaikolojia Marlene Winell mwaka 2011. Linasaidia watu kujieleza, lakini halimo kwenye orodha rasmi za magonjwa. Usiende nalo kliniki kama utambuzi, eleza dalili.

#14 Kiti Moto

Ya familia je? Hofu nyingine si ya moto, ni ya mzee kujua.

#15 Mpiga Mbizi

Tenganisha. Kwenye daftari tumia kalamu mbili: bluu kwa hofu ya akhera, nyekundu kwa hofu ya watu. Utashangaa nyekundu ilivyo nyingi. Na hofu nyekundu nyingine ni za kweli, hazitibiwi kwa mazoezi ila kwa mipango: anayelipiwa ada au anayelala kwa wazazi hana haraka ya kutangaza. Kutokuamini hakuhitaji sherehe ya uzinduzi.

Kisheria, Katiba ya Tanzania ibara ya 19 na ya Kenya ibara ya 32 zinalinda uhuru wa dhamiri, na ya Tanzania inataja wazi haki ya kubadili dini. Ndoa ya serikali ipo nchi zote mbili, tangazo siku 21 kabla. Mirathi ni habari nyingine: ikienda kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka anaweza kupingwa asirithi, kwa hiyo mzazi anayetaka kukupa kitu akupe akiwa hai, kwa maandishi.

Walioko Ghuba, funga mdomo na futa machapisho. Kanuni za Saudia za mwaka 2014 zilihesabu kueneza ukanaji Mungu kuwa ugaidi. Hapo hofu yako inakulinda, isikilize.

Na huko peke yako hauko. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 755,750 wasio na dini. Tanzania hatujui idadi, swali la dini liliondolewa baada ya sensa ya 1967.

#16 Kiti Moto

Poa mkuu. Na msibani?

#17 Bint Makunduchi

Nenda. Kaa, beba maji, osha vyombo, itikia kwa kichwa. Kuitikia "amina" ni adabu ya msiba, si mkataba. Ila jua kwamba siku tatu hadi saba baada ya maziko ndipo hofu inapopanda kuliko wakati wote, kwa sababu umesikia mawaidha ya kaburi mara kumi na hujalala. Panga kabla: mtu mmoja wa kumpigia, usingizi wa mchana, na usipande ngazi mpya wiki hiyo. Rudia ya 3 na ya 4 tu.

#18 Ng'wana Mashauri

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Ile ngazi ya 8, ukurasa mmoja wa kile unachokiogopa. Unaandikwaje hasa? Mtu akikaa na kalamu anaishia kuandika "naogopa kwenda motoni" na kufunga.

#19 Kalamu_Nyeusi

Umegusa panapoharibika. Iandike kama inatokea sasa, kwa "na-", si "nita-" wala "ninge-". Maneno 250 hadi 300, yasomeke kwa dakika mbili au tatu. Weka vitu vinavyoonekana na kunuka, vile vya picha yako ya utotoni, si vya Dante, mshairi wa Italia aliyeandika juu ya jehanamu. Mfano wa mwanzo: "Nimelala. Nasikia jina langu likiitwa na sauti ya mwalimu wa Jumapili. Sakafu ni ya moto chini ya nyayo. Mama yuko upande wa pili, ananiona, hasemi kitu." Kwa wengi, pa kweli ni pale kwa mama, moto ni pambo. Ukipapata, baki hapo, ongeza sentensi tatu.

Usiumalizie kwa wokovu. Hakuna "kisha nikaamka", hakuna "lakini najua si kweli". Uishie katikati, kwenye sentensi ya kutisha kuliko zote, na hapo ndipo rekodi inaanza upya. Dakika 30 ni kama mizunguko kumi hadi kumi na mitano. Andika namba kwenye mzunguko wa 1, wa 5 na wa mwisho. Siku ya nne au ya tano utaanza kusikia vitu vya kipuuzi: jinsi unavyotamka "nyayo", jogoo wa jirani aliyeingia kwenye rekodi. Akili ikianza kumsikiliza jogoo, usisimamishe. Acha iende mpaka dakika 30 zitimie.

#20 Ng'wana Mashauri

Na mtaa wetu una mbuzi. Sawa, naelewa sasa.